Huruma Isiyoamriwa

Mtu anaweza kuamriwa alipe deni, amtembelee mgonjwa au amfungulie mgeni mlango. Je, anaweza kuamriwa aone huruma? Wengi tunalipita swali hili mbio, kwa kuwa dini zetu zinaisifu huruma mno na tumezoea kudhani kwamba kila kinachosifiwa kimeamriwa pia. Lakini anayejilazimisha kumwonea mwenzake huruma atapata maneno yake, atapata hata uso wake, na huruma yenyewe isije. Nataka kulichunguza swali hili kwa kufuata kitenzi kimoja cha Kigiriki cha kale, splanchnizomai, ambacho Injili hukitumia pale huruma inapomshika mtu mpaka ndani. Katika Agano Jipya kinatokea mara 12, zote katika Injili tatu za kwanza: 5 kwa Mathayo, 4 kwa Marko, 3 kwa Luka. Yohana hakukitumia, wala Paulo. Na katika mara hizo 12, hakuna hata mahali pamoja ambapo kimetamkwa kwa umbo la amri. Ninavyoona, ukimya huo una maana. Waandishi wale walitofautisha huruma inayomjia mtu na tendo analodaiwa. Amri wakaielekeza kwenye tendo, na kwenye jambo jingine nitakalolifikia, yaani katazo la kujifunga. Huruma yenyewe waliiacha ije.

Kitenzi hiki kimetokana na nomino splanchna, yenye historia ya damu na moshi. Katika sadaka za Wagiriki, mnyama alipochinjwa, viungo vyake vya ndani, yaani moyo, mapafu, ini, figo na wengu, vilitolewa kwanza, vikachomwa mishikaki kwenye moto wa madhabahu na kuliwa palepale na waliosimama karibu zaidi na ibada. Nyama nyingine ilipikwa baadaye na kugawiwa wengi. Mashairi ya Homer yanaijua desturi hiyo. Washairi wa tamthilia wa Athens wakalihamishia neno kwa binadamu, na kwao splanchna ni mahali pa hasira inayochemka, pa hofu, pa mahaba. Huruma haikuwa na kiti chake maalumu humo. Matabibu wa mapokeo ya Hippocrates walipomwita mtu eusplanchnos, walimaanisha kwamba matumbo yake ni mazima. Katika Rhesus, tamthilia ambayo jadi imemhesabia Euripides, nomino iliyotokana na neno hilohilo maana yake ni ushupavu. Karne kadhaa baadaye, Waraka kwa Waefeso unalitumia neno la matabibu kwa maana ya mtu mwenye huruma. Badiliko hilo lilipitia kwa Wayahudi waliosema Kigiriki, ambao lugha yao ya kale iliihusisha rehema na tumbo la uzazi. Mzizi huo wa Kisemiti ndio uliotufikia sisi pia kwa njia ya Kiarabu tukapata neno rehema. Watafsiri wa Maandiko ya Kiebrania kwa kawaida walichagua maneno mengine ya Kigiriki, lakini katika Mithali 12:10, panapozungumzwa rehema za waovu, waliandika splanchna.

Kuna kituko kimoja katika historia hii ambacho siwezi kukiacha. Kitabu cha pili cha Wamakabayo kinasimulia mateso ya Wayahudi chini ya mfalme Antiochus wa Nne, katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Humo kitenzi chetu kinaonekana katika kauli ya kutenda, na maana yake ni kula matumbo ya sadaka. Miji ya Kigiriki ya jirani ilipelekewa agizo iwalazimishe Wayahudi kufanya hivyo. Mzee Eleazari alikataa kula, akafa. Basi pale ambapo kitenzi hiki kimeingia katika agizo la serikali, kilichoagizwa ni kutafuna. Nakitaja kama kichekesho kichungu tu. Hakithibitishi lolote kuhusu Injili.

Tena inafaa kuwa macho hapa, kwa sababu wahubiri wengi hulipenda neno hili kupita kiasi. Husema kwamba, kwa kuwa splanchna ni matumbo, kila linapotumika mtu alisokotwa na tumbo. Mwanazuoni James Barr, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu maana za maneno ya Biblia, aliupinga vikali mtindo huu wa kuchimba asili ya neno na kudai kwamba kila msemaji aliibeba asili hiyo kichwani. Alikuwa na haki. Mswahili akisema habari fulani imemkata maini, hakuna anayetafuta kisu. Kwa hiyo sitaegemea matumbo. Ushahidi nitautafuta kwenye maumbo ya kitenzi na kwenye maneno yanayoandamana nacho, maana hayo mwandishi aliyachagua mwenyewe, sentensi kwa sentensi.

Maumbo ni matatu tu. Mara 6 tunakuta esplanchnisthe, yaani alishikwa na huruma. Mara 4 tunakuta splanchnistheis, yaani akiwa ameshikwa na huruma, umbo lisilosimama peke yake bali huegemea kitenzi kingine kinachobeba tendo. Mara 2 tunakuta splanchnizomai, nafsi ya kwanza na wakati uliopo: nashikwa na huruma. Nimeyapanga hivi kwa sababu mpangilio wenyewe unasema jambo. Zile mara 6 za umbo la kwanza zote zinatanguliwa na kuona. Aliona makutano, aliona mjane anakwenda kumzika mwanawe, Msamaria alimwona majeruhi, baba alimwona mwana aliyepotea angali mbali. Zile mara 4 za umbo la pili zote zinaambatana na ombi lililosikiwa: mdeni amepiga magoti, vipofu wanapaza sauti kando ya njia, mwenye ukoma anasihi, baba wa kijana mwenye kifafa anabembeleza. Na zile mara 2 za nafsi ya kwanza zinafuatwa na sababu zilizohesabiwa: watu hawa wamekaa siku 3, hawana chakula, na wakiruhusiwa kwenda hivi watazimia njiani. Jicho, sikio na hesabu. Huruma hii haichipuki ndani ya mtu peke yake. Kila mara kuna kitu kilichotoka nje kikamfikia. Ndiyo maana sura ya kutendwa inaifaa, kama Kiswahili nacho kinavyosema mtu ameingiwa na huruma, naye akawa mpokeaji.

Kwa uaminifu niseme kwamba moja kati ya hizo 12 ina mgogoro. Katika Marko 1:41, mwenye ukoma anapomwomba Yesu amtakase, hati nyingi za kale zinasema Yesu alishikwa na huruma, lakini Codex Bezae, inayohifadhiwa Cambridge, pamoja na hati chache za Kilatini cha kale, zinasema alikasirika. Mwanazuoni Bart Ehrman ni miongoni mwa wanaotetea hasira kuwa ndiyo asili, na hoja yao ina uzito: ni rahisi mnakili kugeuza hasira kuwa huruma, ni vigumu kuelewa kwa nini angegeuza huruma kuwa hasira. Mathayo na Luka, wakisimulia kisa hicho, wameyaacha maneno yote mawili. Tukikubali hasira, tutabaki na mara 11, na hoja yangu haitapungukiwa na kitu.

Mpinzani makini atasema: mara 12 ni chache, au hata 11, kukosekana kwa amri kunaweza kuwa bahati nasibu. Ataongeza kwamba sura ya kutendwa haizuii amri katika Kigiriki, kwani vitenzi vingi vya sura hiyo huamrisha bila shida, kile cha kuogopa kikiwa mojawapo. Hilo la pili ni kweli, nami nalipokea kwa mikono miwili, maana linaonyesha kwamba sarufi haikuwafunga waandishi. Wangetaka kuamuru, wangeweza. Kuhusu bahati nasibu, nitaonyesha mahali patatu ambapo kitenzi hiki kipo na amri au dai lipo pia, palepale, na bado mwandishi amebadilisha neno.

Mahali pa kwanza ni mfano wa mtumwa asiyesamehe, katika Mathayo 18. Mtumwa anadaiwa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa na thamani ya dinari 6,000 hivi, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo deni lake ni ujira wa siku milioni 60: kiasi kilichowekwa kwa makusudi kisilipike. Bwana wake anamsikia, anashikwa na huruma, splanchnistheis, anamfutia. Mtumwa akitoka anamkuta mwenzake anayedaiwa naye dinari 100, anamkaba koo. Mwenzake anamsihi kwa maneno ambayo karibu ni yaleyale aliyoyatumia yeye dakika chache kabla. Anamtupa gerezani. Bwana anapomwita kumhukumu, anamwuliza kama hakupaswa kumrehemu mwenzake kama yeye alivyorehemiwa, na kitenzi si kile cha kwanza tena. Ni eleeo, kitenzi cha eleos, neno la Kigiriki la kawaida kwa rehema. Kilichompata bwana kinaitwa kwa jina moja, na kilichompasa mtumwa kinaitwa kwa jina jingine. Mtumwa hashtakiwi kwamba moyo wake haukutikisika. Anashtakiwa kwamba hakulifuta deni.

Mahali pa pili ni mfano wa Msamaria katika Luka 10. Msamaria alishikwa na huruma, esplanchnisthe. Yesu anapomwuliza mwanasheria ni nani aliyekuwa jirani wa majeruhi, mwanasheria anajibu kwa kumtaja aliyemtendea eleos, yaani rehema, na kitenzi alichotumia ni cha kutenda. Jibu analopewa ni amri: naye aende akatende vivyo hivyo. Haambiwi akashikwe. Mahali pa tatu ni Marko 9, ambapo baba wa kijana mgonjwa anamwomba Yesu. Ombi lake lina amri moja tu, nayo ni msaada. Huruma imewekwa pembeni katika umbo lile linaloegemea. Hata baba aliyekata tamaa, mwenye kila sababu ya kuamuru chochote, anaamuru msaada na kuitumainia huruma. Sehemu tatu, waandishi watatu, mgawanyo mmoja wa kazi. Kuita hiyo bahati nasibu kunahitaji imani kubwa kuliko ya kwangu.

Basi Agano Jipya limeamuru nini hasa katika uwanja huu? Limeamuru matendo, kama tulivyoona. Limeamuru pia tabia: Waraka kwa Wakolosai unawataka wasomaji wavae splanchna za rehema kama mtu avaavyo nguo, Waefeso wanatakiwa wawe eusplanchnoi, na Luka 6:36 inawataka watu wawe wenye rehema. Kuvaa na kuwa ni mambo ya muda mrefu; mtu hujizoeza, hujirekebisha, huanguka na kuanza upya. Ni kitu tofauti na kuagizwa kuhisi saa hii mbele ya mtu huyu. Lakini andiko linaloniwazisha zaidi ni Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 3. Linamzungumzia mtu mwenye mali ya dunia, anayemwona ndugu yake ana shida, akazifunga splanchna zake asimfikie. Kitenzi ni cha kawaida kabisa cha kufunga mlango, na kiko katika kauli ya kutenda. Tazama jinsi mizani ilivyogeuka. Huruma ni jambo linalompata mtu, ugumu wa moyo ni jambo analolifanya. Mwandishi anachukulia kwamba, mtu akimwona mwenye shida, kitu ndani yake kitafunguka chenyewe, na kwamba asiyeguswa amefanya kazi fulani ili asiguswe. Tumezoea kuwaza kinyume chake: kwamba mtu wa kawaida amepoa, na huruma ni juhudi ya ziada ya watakatifu. Yohana anasema juhudi iko upande wa pili.

Wastoiko, wanafalsafa wa kale, wangeyakataa haya yote tangu mwanzo. Kwao eleos ilikuwa aina ya huzuni, na huzuni ni ugonjwa wa akili usiomfaa mwenye hekima. Seneca, alipomwandikia Nero kijana kitabu kuhusu upole wa mtawala, mnamo mwaka 55 au 56, alitenganisha upole na huruma: upole ni fadhila, huruma ni udhaifu wa akili inayoyumba ikiona taabu za wengine. Mwenye hekima wake atamsaidia anayelia, atamlisha, atamzika hata maiti wa mhalifu, na uso wake hautabadilika. Epictetus, aliyewahi kuwa mtumwa, anaruhusu umfariji aliyefiwa, hata uugue naye ikibidi, ila uangalie usiugue kwa ndani. Karne nyingi baadaye Spinoza, katika Ethics iliyotoka mwaka 1677, alisema kitu cha jinsi hiyo: kwa mtu anayeongozwa na akili, huruma ni mbaya na haina faida. Hawa hawakuwa watu wakatili. Walichohofia ni kwamba anayesukumwa na hisia husaidia vibaya: hutoa leo na kujuta kesho, humpa mwenye kilio kikubwa na kumsahau aliyenyamaza. Wala Wastoiko hawakuwa wasemaji wa Wagiriki wote. Pausanias anaeleza kwamba Athens ilikuwa na madhabahu ya Eleos sokoni, na mahakama za mji huo zilizoea kuona washtakiwa wakileta watoto wao walie mbele ya wazee wa baraza. Socrates alikataa kuufanya mchezo huo, na nadhani aliona vizuri.

Hofu ya Wastoiko inagusa kitu halisi, ila wameipeleka mahali pasipo pake. Wanadhani kwamba hisia ikiingia, akili hutoka. Ushahidi wa kitenzi chetu unaonyesha mambo mengine. Pale Yesu anapokitumia kwa nafsi yake mwenyewe, katika Marko 8 na Mathayo 15, sentensi inaendelea kwa kutoa sababu: siku 3, njaa, umbali wa makwao, hatari ya kuzimia. Hiyo ni hisia inayojua kuhesabu. Na Msamaria, akiisha kushikwa, anaenda kwa utaratibu wa mtu aliyetulia: mafuta na divai kwenye majeraha, vitambaa, mnyama wa kumbeba, nyumba ya wageni, usiku mmoja wa kumwuguza, dinari 2 asubuhi, na ahadi ya kulipa kitakachozidi. Kisha anaendelea na safari yake. Hakuna mahali aliposahau kufikiri. Sasa nimwulize Seneca: mwenye hekima asiyetikisika, ni kitu gani kitamfanya ajue kwamba ule mwili kando ya barabara unamhusu? Akili inaweza kupanga msaada vizuri sana baada ya kuamua kwamba hili ni jambo langu. Lakini kuamua huko kunaanzia wapi? Kuhani na Mlawi waliompita majeruhi kabla ya Msamaria nao walikuwa na akili, na yawezekana waliitumia: barabara ya kushuka Yeriko ilijulikana kwa hatari, na majeruhi angeweza kuwa chambo. Hesabu zao hazikuwa na kosa. Kilichokosekana ni ule msukumo unaoufanya msiba wa mtu mwingine uingie kwenye hesabu zako.

Pingamizi zito zaidi, kwa maoni yangu, ni la upendeleo. Aristotle, katika kitabu cha pili cha Rhetoric, anaeleza eleos kuwa ni maumivu tunayoyapata tukimwona mtu amefikwa na baya asilolistahili, baya ambalo tunaweza kulitarajia litupate sisi au watu wetu, na linaloonekana kuwa karibu. Ni ufafanuzi wa mtu aliyewatazama binadamu bila kuwasifia. Huruma yake ina malango: aliyejitakia haingii, asiyefanana nasi haingii, aliye mbali haingii. Mwaka 2016 mwanasaikolojia Paul Bloom aliandika kitabu kizima dhidi ya kuishi maumivu ya mwingine kama yako, akisema hisia hiyo ni kama taa ya kurunzi: inamulika mmoja aliye mbele yako na kuwaacha maelfu gizani, tena inapenda kuwamulika wa rangi na kabila letu. Na splanchna ni neno la damu kuliko eleos. Wagiriki waliweza kuwaita hivyo hata watoto wao wa kuzaa. Je, huruma ya matumbo haitakuwa ya ukoo kuliko zote?

Naam, ingeweza kuwa. Ndiyo maana inafaa kutazama kitenzi kimepelekwa wapi. Yule aliyesamehewa katika Mathayo 18 ni mwenye hatia ya deni lake. Mwana anayerudi katika Luka 15 amejitakia njaa yake. Lango la kustahili limebomolewa mara mbili. Na majeruhi wa Luka 10 amevuliwa nguo, yuko nusu mfu, hasemi: hana vazi wala lafudhi ya kumtambulisha kabila, na anayeshikwa na huruma ni mtu wa jamii iliyochukiana na wasikilizaji wa hadithi. Paulo naye, akimwandikia Filemoni kuhusu Onesimo aliyekuwa mtumwa, anamwita Onesimo splanchna zake. Neno la uzazi linawekwa juu ya mtu asiyezaliwa na msemaji, ambaye kwa sheria ya siku zile alihesabiwa mali. Waandishi hawa hawakuufuta upendeleo wa damu. Waliuchukua vilevile ulivyo, na joto lake lote, wakauelekeza kwa mgeni. Aristotle alieleza huruma ilivyo kwa kawaida. Wao walisimulia iliyovuka kawaida, na walijua inavuka, vinginevyo hadithi ya Msamaria isingekuwa na ncha.

Lango la tatu, la ukaribu, sikubali kwamba limefunguka. Hata mara moja kitenzi hiki hakitumiki kwa mtu asiyeonekana, asiyesikika wala asiyehesabiwa. Bloom anaweza kuichukua hoja hiyo, na ni haki yake. Kwa waliotengwa na macho yetu kwa bahari au kwa ukuta wa hospitali, matumbo si mwongozo wa kutosha. Wanahitaji sheria, kodi, bajeti na watu wanaolipwa kufanya kazi hata siku wasiyojisikia. Wakristo wa karne ya 4 walilitambua hilo mapema. Nje ya Kaisaria ya Kapadokia, katika Uturuki ya leo, askofu Basil alijenga makao ya wagonjwa, maskini na wasafiri yaliyokuwa na matabibu, na ambayo rafiki yake Gregory wa Nazianzus aliyasifu kuwa ni mji mpya. Gregory huyohuyo aliacha hotuba ndefu kuhusu kuwapenda maskini, na sehemu kubwa yake inawaelezea wenye ukoma, miili yao, kufukuzwa kwao, jinsi wazazi wao walivyowakana. Alikuwa akiwaleta mbele ya macho ya watu waliojipangia wasiwaone. Taasisi na macho vilikwenda pamoja. Mfalme Julian, aliyetaka kurudisha miungu ya zamani, alilalamika kwa kuhani wake Arsacius kwamba Wagalilaya, yaani Wakristo, wanawalisha maskini wao na wa wapagani pia. Malalamiko ya adui huwa ushahidi mzuri.

Limebaki pingamizi ambalo huja kimyakimya. Ikiwa huruma haiamriwi, mtu atasema: mimi sikushikwa, basi sina kosa. Jibu la Yohana tumeshaliona, kwamba kujifunga ni tendo. Lakini jibu hilo linadhania kwamba mtu hujifunga kwa kujua, na mara nyingi sivyo. Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilolifanya na wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia cha Princeton. Kila mmoja alitumwa jengo jingine kutoa mazungumzo mafupi, baadhi yao kuhusu mfano huu huu wa Msamaria. Njiani aliwekwa mtu aliyejikunyata mlangoni, akikohoa na kugugumia. Waliokuwa na nafasi ya kutosha walisaidia kwa asilimia 63. Walioharakishwa kiasi, asilimia 45. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Kuwa na hadithi ya Msamaria kichwani hakukuleta tofauti kubwa. Hawakuwa wabaya. Walikuwa na haraka, na haraka iliwafungia mlango bila wao kugusa komeo. Basi wajibu wa mtu unaanza kabla hajakutana na majeruhi. Unaanza kwenye namna anavyoipanga siku yake, njia anazozichagua, na kiasi cha mambo anachojitwika hata asipate pumzi ya kutazama. Hayo yote yako mikononi mwake, na yote yanaweza kuamriwa.

Luka anatoa ishara ndogo ya jambo hili katika Kigiriki chake. Mlawi, anasema, alifika mahali pale, akaona, akapita upande wa pili. Msamaria naye alifika, lakini Luka hasemi alifika mahali: anasema alimfikia yeye, kisha akaona, kisha akashikwa. Wote waliona, kwa hiyo kuona peke yake hakukutosha. Mmoja aliona kutoka kwenye eneo la tukio, mwingine aliona akiwa ameshamkaribia mtu. Hatua zile chache zilikuwa hiari yake, na kilichofuata kikamjia.

Na kuna mtu wa nne katika hadithi ambaye wahubiri humsahau, mwenye nyumba ya wageni. Yeye ndiye pekee humo anayepewa amri na Msamaria: amtunze mgonjwa. Kitenzi cha kutunza kina sura ileile ya kutendwa, na kinaamrishwa bila tatizo lolote. Ni kilekile kilichotumika kwa Msamaria mwenyewe alipomwuguza usiku. Luka hasemi kama mwenye nyumba alishikwa na huruma. Alikabidhiwa mgonjwa, akapewa dinari 2, na akaahidiwa kwamba gharama itakayozidi italipwa Msamaria atakaporudi.